Tuliwaambia wakaguzi wa dawa kwamba mshogoro ni chakula cha mbuzi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, mchangiaji wa mara mojamoja. Leo nimeamua kuleta la kwangu.

Najua wapo watakaosema hii ni chai, nimetunga. Ruksa. Ila nilikuwepo kwa miguu yangu, na shangazi yangu yupo hai mpaka ninavyoandika. Majina tu nimebadilisha, maana baadhi ya wahusika wana watoto wamo humu humu na sitaki kesi.

Nitaandika kwa vipande. Nina kibanda cha kutoa kopi na kuchaji simu hapa Kasulu mjini, wateja wakija nasimama kidogo.

Tuanze.

Mimi ni Muha wa Busunzu, Kibondo. Shangazi yangu, dada yake baba, tumwite Ma Skola. Amelima maharage maisha yake yote.

Waliowahi kulima maharage kwetu watanielewa. Mvua ya huku ikianza haina adabu. Maharage yanapendeza, yanatoa maua, unaanza kupiga hesabu za sikukuu. Halafu asubuhi moja unakuta majani yana madoa ya rangi ya kutu. Yanakauka, yanaanguka, na wewe unabaki kuvuna maganda matupu.

Ukungu huo. Mtaalamu atakwambia fangasi, ni yale yale.

Sasa Ma Skola alikuwa na dawa yake. Anachukua majani ya mravumba, ule mti mfupi wenye harufu kali ambao nyumba nyingi za kwetu zinao uani kwa ajili ya kikohozi. Anatwanga, analoweka, anachuja kwa kitambaa, anatia sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani. Kuna na jani la pili ambalo sitalitaja. Msinifuate PM.

Sio muujiza, wakuu. Ukungu ukishatawala shamba, dawa ile haifufui kitu. Ila ukiwahi, ukapuliza kabla madoa hayajasambaa, unavuna. Kijiji kizima kilikuwa kinajua hivyo, na watu walikuwa wanakuja kwake na madumu.

Magoti ya shangazi yamechoka. Jembe halishiki tena kama zamani, akiinama kupalilia anainuka kwa kushika fimbo. Hakuzaa, na sisi aliotulea tumetawanyika. Dawa hii ndiyo aliyokuwa anaitegemea iwe kazi yake ya uzeeni, kazi ya kukaa kivulini na kutwanga. Aliniambia hivyo mwenyewe, na mimi nikaona ni jambo linalowezekana kabisa.

Hapa Kasulu kuna mzee wa Kiislamu mwenye duka la pembejeo, mtu mstaarabu sana. Nilimpelekea chupa akajaribu kwenye nyanya zake. Akaniita, akasema, "Kijana, dawa inafanya kazi. Lakini mimi siweki kwenye shelfu kitu kisicho na namba ya usajili. Nendeni serikalini kwanza, kipimwe usalama wake, halafu njoo tuongee."

Hakuna ubaya hapo. Ndivyo inavyotakiwa.

Tukaunda kikundi. Mwenyekiti akawa Mzee Zabuloni, mzee anayeheshimika pale kijijini, mimi nikawa katibu kwa sababu nina kompyuta. Tukaomba usajili, tukapeleka chupa za sampuli, tukasubiri. Sitataja mamlaka husika. Niseme tu kwamba walitujibu vizuri, na baada ya muda wakasema watakuja wataalamu kuona dawa inavyotengenezwa na inavyotumika shambani.

Wakuu, hapo ndipo pa kusikiliza.

Kabla sijaendelea, lazima niwaeleze kuhusu mshogoro.

Mshogoro ni majani machanga ya maharage. Unayachuma shambani maharage yakiwa bado kijani, unayachemsha, unaunga kwa karanga au mawese, unakula na ugali wa muhogo. Ni mtamu jamani. Wakati ule kambi ya wakimbizi ya Mtendeli iko wazi, akina mama wa kwetu walikuwa wanapeleka mafungu kule kuwauzia Warundi, yanaisha kabla jua halijawa kali.

Lakini mshogoro una aibu yake. Ni mboga ya miezi ambayo ghala limekauka. Mgeni hapewi mshogoro. Nilipokuwa sekondari Kibondo mjini, watoto wa wafanyakazi walikuwa wakituona sisi wa vijijini wanalia "meee", kwamba sisi ni mbuzi, tunakula majani ya shambani. Mtu mzima nina watoto, na mlio ule bado naukumbuka.

Sasa fikiria wageni kutoka serikalini wanakuja.

Kijiji kilifagiliwa. Jogoo wawili wakachinjwa, mchele ukatafutwa. Mzee Zabuloni akavaa koti la harusi ya mwanawe. Tukakusanyika kwenye darasa la shule ya msingi, na wale wataalamu wawili wakaingia. Mmoja baba wa makamo, mpole, muda mwingi alikuwa anapiga picha. Mwingine dada mmoja hivi, nitamwita Dada Mariamu, ndiye aliyekuwa anauliza maswali.

Salamu kwanza. Sisi Waha na salamu mnatujua, tulipiga makofi mpaka yule baba akaanza kutazama saa.

Dada Mariamu hakuwa na maringo. Aliuliza mambo ya maana. Anayepuliza anavaa nini? Maji ya kuoshea bomba yanamwagwa wapi? Kuna kisima karibu? Kuna aliyewahi kuwashwa ngozi au macho? Tukajibu, na mengi tulijibu ukweli.

Halafu akauliza, "Mkishapuliza maharage, mnakaa muda gani kabla ya kula?"

Mzee Zabuloni akasimama. "Mpaka yakauke, tuvune, tupige. Ni muda mrefu sana, mwanangu. Dawa yote inakuwa imekwisha."

"Na majani yake? Nasikia sehemu nyingine watu wanakula majani ya maharage."

Nikawaona akina mama wanatazama chini.

Mzee Zabuloni akacheka, akatikisa kichwa. "Hapana. Hayo majani hapa ni ya mbuzi. Sisi tunakula wali, nyama, kabichi."

Watu wakacheka naye. Na mimi nilicheka. Ma Skola peke yake ndiye hakucheka, alikuwa mbele kabisa na fimbo yake mapajani. Akageuka kunitazama.

Huko kwetu mzee akishasema mbele ya wageni, neno limekwisha. Mwanamke hasimami kumsahihisha, na kijana hasimami. Ukimvua nguo mzee wako mbele ya watu wa serikali, utakula wapi kesho? Kwa hiyo hakuna aliyesimama. Dada Mariamu akaandika.

Nimeona mkuu mmoja hapo chini anauliza, "Sasa majani yanahusu nini na dawa?" Tulia ndugu, yanahusu kila kitu. Harage kavu linakaa ndani ya ganda na linavunwa baadaye sana. Jani linapulizwa moja kwa moja. Ukilichuma kesho yake, unakula na dawa yenyewe.

Na sisi tulikuwa tunalijua hilo muda wote! Hapa ndipo panaponiuma.

Ma Skola alikuwa na sharti. Akikupa dawa anakupa na kamba ya mgomba, ile ya ganda lililokauka. Ukishapuliza, unachomeka kijiti kwenye kona ya shamba, unafunga kamba. Kamba ikiwa bado imefungwa, hakuna kuchuma mshogoro hapo, liwe shamba lako au la jirani. Unasubiri mvua mbili kubwa zipite, ndipo unafungua. Asiyefunga kamba hapewi dawa tena. Akina mama wote pale wanajua, hata mtoto aliyetumwa mboga akiona kamba anapita kwenda shamba lingine.

Yaani swali la muda wa kusubiri lilikuwa na jibu lake, limesimama kwenye kona za mashamba.

Tukaenda shambani. Ma Skola akaonyesha anavyochuja, akapuliza mstari mmoja, wale wataalamu wakafurahi kweli. Yule baba akasema dawa inanukia vizuri kuliko za dukani. Dada Mariamu akawa anatembea pembeni, akaona vijiti.

"Hizi kamba ni za nini?"

Mzee Zabuloni alikuwa karibu yake kunishinda. Nadhani aliona akisema ukweli wa kamba, ukweli wa mshogoro utatoka nao. Akajibu haraka, "Za kufukuza ndege."

Dada akaandika na hilo.

Tukala chakula cha mchana. Wali, jogoo, na kabichi iliyotoka sokoni Kibondo mjini, maana pale kijijini msimu ule kabichi haikuwepo. Kila mtu akacheka, maneno mazuri, yule baba akamwambia Ma Skola, "Mama, kazi yako nzuri, tuombe Mungu." Shangazi akapiga makofi taratibu kushukuru. Nilimwona amefurahi, nikajua tumemaliza.

Gari lilikuwa limeachwa barabarani, ikabidi tuwasindikize kwa miguu kupita mashambani.

Njiani akatokea Mama Eliza. Huyu ni jirani wa Ma Skola, hakuwepo kwenye kikao kwa sababu alikuwa na mgonjwa. Anatoka shambani kwake, kanga imejaa mshogoro mpaka unadondoka. Akaweka chini, akapiga goti kusalimia wageni.

Dada Mariamu akamjibu kwa heshima. Halafu kwa nia njema kabisa, naapa hakuwa na mtego wowote, akasema, "Mama, mbuzi wako wana bahati. Hayo yote ni yao?"

Mama Eliza akamtazama. Akatutazama sisi. Hakuelewa tumemwambia nini huyu mgeni.

"Yoo! Mbuzi? Ewe mwana wanje, mwanangu wee, mbuzi ale mshogoro, nami wanangu niwape nini?"

Jamani.

Hakuna aliyecheka. Mzee Zabuloni akaanza kukohoa. Dada Mariamu akachutama pale kwenye kanga, akashika jani moja, akauliza taratibu, "Mnakula mara nyingi?"

"Kila siku, kama mvua ipo. Kwani wewe hukupewa?"

Hapo Ma Skola akasahau wazee, akasahau wageni. Akasogea na fimbo yake, akasema, "Dada, tunakula. Wote tunakula. Lakini hatuli ovyo. Ukiona kamba kwenye kijiti, huchumi. Mpaka mvua mbili zipite. Zile kamba ulizoona ndizo zenyewe."

Dada Mariamu akasimama. Nawaambieni ukweli, sikuona hasira usoni mwake. Niliona amechoka.

"Mama," akasema, "asubuhi mmeniambia kamba ni za ndege."

Shangazi angesema nini? Aseme mzee alidanganya, naye mzee yupo hapo na koti lake? Akasema tu, "Ni kweli tulisema hivyo."

Mama Eliza naye akadakia kwamba ni kweli kamba ni za dawa, na wengine wakadakia, kila mtu anaongea kwa wakati mmoja. Na kadiri tulivyoongea ndivyo ilivyozidi kuonekana tunatunga papo hapo. Nilijaribu kueleza kwa Kiswahili changu cha ofisini, nikasikia mwenyewe sauti yangu inavyofanana na ya muuza simu za wizi. Yule baba mpole akasema basi, tumewasikia, tutaandika. Wakapanda gari.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga hawakukosea. Yetu haikufika hata barabarani.

Nimerudi wakuu, kulikuwa na mteja wa passport size.

Majibu yalikuja baada ya muda. Hawakutukataa. Walisema, kwa kuwa imeonekana majani yanayopulizwa yanaliwa, na kwa kuwa maelezo ya waombaji kuhusu matumizi hayalingani, ukaguzi unasimama mpaka majani yapimwe mabaki ya dawa kwenye shamba la majaribio linalotambuliwa. Mpaka hapo, tusiigawe wala kuiuza.

Kipimo chenyewe kiko nje kabisa ya uwezo wa kikundi cha wakulima wa Busunzu. Kikundi kikafa kimya kimya. Mzee Zabuloni aliacha kupita njia ya kwa shangazi, akawa anazunguka kwa nyuma ya kanisa.

Ma Skola alitii. Ningekuwa mimi, naona ningegawa kwa siri. Yeye hapana. Mvua ikaja, madoa yakaja, watu wakasimama mlangoni kwake na madumu. Akawajibu wote neno moja: "Serikali imesema tusubiri." Wengine walimwelewa, wengine walimwambia amekuwa na roho mbaya.

Wakaenda mnadani kununua unga. Upo unga wa ukungu unaouzwa kwa kupimwa na kifuniko cha soda, umefungwa kwenye nailoni, hauna jina, hauna maelekezo. Sijui ni nini na muuzaji mwenyewe hajui. Wanapuliza.

Na hakuna anayefunga kamba. Kamba ilikuwa sharti la Ma Skola, na dawa ya Ma Skola haipo. Muuza unga ataanzaje kukupa kamba?

Roho iliniuma, nikatafuta namba ya Dada Mariamu nikampigia. Nilitegemea atakata. Hakukata.

Nikamwambia, "Dada, nakuomba tu unielewe. Zile kamba zilikuwa za kweli."

Akasema, "Kaka, najua. Baadaye nilikaa nikafikiri, nikaona haiwezekani mama yule abuni kitu kile palepale. Lakini mimi siwezi kuandika ninachofikiri, naandika nilichoambiwa na nilichoona."

Nikauliza, kama tungemwambia asubuhi?

Akasema, "Majani yangepimwa tu, kwa sababu yanaliwa. Hilo msilichukulie kama adhabu. Lakini kamba ningeiandika kama utaratibu wenu wa usalama, na ningependekeza mruhusiwe kuendelea hapo kijijini chini ya uangalizi wakati tunapima. Waombaji wengi hawana utaratibu wowote wa kusubiri, mpaka tuwafundishe. Ninyi mlikuwa nao, mkaniambia ni wa ndege."

Nilimshukuru. Siku hiyo nilifunga kibanda mapema.

Msimu uliopita nilikwenda Busunzu kumwona shangazi. Nikamkuta amekaa uani, kinu kimefunikwa gunia. Mravumba umerefuka, hakuna anayeukata, harufu yake inakupokea toka njiani.

Nikamwambia shangazi, leo nataka mshogoro, mjini nimechoka na maharage makavu.

Akasema, "Mboga gani hiyo unaitafuta, mwana wanje? Kwa jirani sichumi. Sijui wamepuliza nini wala wamepuliza lini. Twende hapa kwangu, kwangu sijapuliza kitu."

Tukaenda kwenye kishamba chake nyuma ya nyumba. Yeye na fimbo, mimi na beseni. Karibu majani yote yalikuwa na kutu. Tukawa tunapekua jani kwa jani, anatafuta yasiyo na doa, ananipa natia kwenye beseni. Tulizunguka shamba lote. Tulipomaliza akatazama ndani ya beseni, akaona hayatoshi hata mtu mmoja.

Nilimwambia, "Shangazi, tusamehe."

Akasema, "Mimi si niliwatazama pale darasani? Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme tu kwamba tunakula." Halafu akamwagia kuku yale majani, tukaingia ndani tukala dagaa.

Hicho ndicho kilichotokea wakuu, sijaongeza chumvi.

Sina ugomvi na ukaguzi. Wanaosema serikali inaua dawa za asili, uzi wangu msiutumie, nendeni mkafungue wenu. Kitu kinachopulizwa kwenye chakula lazima kipimwe, hata kama kimetoka kwenye mti wa bibi yako. Wale watu walikuja kutuuliza tunaishi vipi, na sisi tukawaeleza wanavyoishi watu wengine wenye kabichi.

Hata Mzee Zabuloni sina ugomvi naye. Alitaka kijiji chake kionekane kizuri mbele ya wageni, na nina hakika hata yeye aliwahi kuliliwa "meee" na mtu. Mficha uchi hazai, wanasema. Tulificha jani, tukapoteza dawa, kamba, na kazi ya uzeeni ya shangazi yangu.

Kama kuna mtu humu anajua chuo au kituo kinachoweza kupima mabaki ya dawa kwenye majani kwa kusaidia kikundi, aniandikie. Hilo niko serious. Ma Skola bado ana nguvu za kutwanga.

Na wengine mnaopita tu, nina ombi moja. Kila mmoja ataje hapa chini chakula cha kwao ambacho mgeni akija kinafichwa. Usione haya, tunatumia majina ya bandia.

Naanza mimi: mshogoro. Ninaula, na nilikua kwa kuula.